Kondoo Aliyelala Chali Milimani

Sheffield, Uingereza
Jumapili, baada ya swala ya adhuhuri

Kwa dada yangu mkubwa Dahabo,

Assalaam aleikum, wewe na nyumba nzima, na mbuzi wako, na yule ngamia mwenye hasira kama bado hamjamuuza. Mimi mdogo wako Jama ni mzima kabisa. Baridi ya huku imenipiga miaka kumi na moja na bado haijaniangusha. Juzi daktari wa kiwanda alinisikiliza kifua, akamwita mwenzake aje naye asikie vile moyo wa mtu wa Isiolo unavyopiga. Magoti yako je? Mvua imeanza kunukia huko, au bado ni vumbi tu kutoka Chechelesi mpaka sokoni? Nijibu moja moja, usiniambie "tuko salama" halafu ukanyamaza.

Naandika kwa Kiswahili kama kawaida, maana ndicho nilichochapiwa fimbo mpaka darasa la nne. Nasikia Kisomali chetu nacho siku hizi kina herufi zake, lakini zimenikuta nimeshachoka kusoma. Shemeji Abdi atakusomea. Shemeji, soma polepole. Usiruke mahali nilipojisifu, na ukifika mahali nilipokutaja wewe, usijifanye umeshikwa na kikohozi.

Dada, nimekwenda kule ulikonituma. Uliniambia hivi: panda mpaka Scotland, mwone binti yangu Hodan kwa macho yako mwenyewe, halafu niletee jibu moja tu. Arudi nyumbani sasa hivi aolewe na kijana wa wale watu wa duka la mtaa wa Wabera, au abaki amalize masomo yake ya ukunga. Na ukaniambia yale maneno yaliyokunyima raha, ya yule mama aliyerudi kutoka huku, kwamba Hodan akiona watu wetu barabarani anavuka upande wa pili ili wazungu wasijue ni jamaa zake. Nimeyabeba maneno hayo kifuani kama jiwe. Jibu ninalo. Lakini ukilipata bila safari yenyewe hutalielewa, kwa hivyo kaa chini, chai iwe karibu.

Kwanza, kupata ruhusa kazini ilikuwa vita. Msimamizi wangu aliniambia, "Jama, ukienda wiki nzima tanuru litazimika." Nikamwambia liache lizime, nitakuja niliwashe. Nikapanda gari la moshi asubuhi, nikaketi dirishani, na nchi ikaanza kupanda. Ilipanda, ikapanda, mpaka masikio yakaziba.

Hodan alikuwa ananingoja stesheni. Ndiyo, amevaa suruali. Shemeji, usisimame, kaa umalize. Amevaa suruali nene na viatu vya mvua, na juu koti refu zuri la rangi ya kahawia, na kichwani kitambaa. Aliinama akanibusu mkono mbele ya watu. Lakini mimi si mtu wa kudanganywa mara moja. Nikajisemea, Jama, hapa ni stesheni, hakuna anayemjua. Ngoja.

Anakaa kwa mjane mmoja anaitwa Bi Morag, mama wa miaka sabini, mwembamba kama fimbo ya kuchungia, na gari dogo ambalo analiendesha kama anafukuza wezi wa mifugo. Hodan alikuwa na siku tano za mapumziko. Bi Morag akasema, "Huyu mgeni hawezi kurudi kwa moshi wenu wa Sheffield bila kuona milima yetu." Akajaza gari mablanketi, mikate na chupa ya chai, na sisi tukaingia. Mimi niliweka kisu changu kwenye mfuko. Unakijua, kile cha mpini wa pembe alichoniachia baba. Huku mimi ndiye ninayewachinjia kuku Waislamu wa mtaa mzima, Wapakistani pia wananiita, wanasema mkono wangu hauna mfano. Nikafikiri, huko milimani hakuna bucha ya halali, tukipata kuku wa kununua nitawachinjia hawa wanawake.

Sasa, milima. Dada, wewe unaujua ule mlima wetu tunaouona asubuhi mapema kabla mawingu hayajaufunika, na zile nywele nyeupe kichwani pake. Huku iko mingi kama huo, imelala ubavu kwa ubavu kama ngamia waliotua mizigo, na theluji imebaki migongoni tu kwa sababu baridi kuu imekwisha na jua limeanza kurudi. Nyasi bado ni za rangi ya simba. Lakini chini, kando ya barabara, maua ya manjano yanatoka hata kwenye barafu, hayaombi ruhusa kwa mtu.

Na maji! Maji hayana mwenyewe. Kila mteremko una mto wake, mweusi, baridi, unakimbia unapiga kelele na hakuna anayeuliza. Nilihesabu mito arobaini na moja kabla ya chakula cha mchana nikaacha. Hakuna debe hata moja kwenye foleni. Hakuna mtu wa kusema leo ni zamu ya Wasomali, kesho ya Waborana. Nilimwambia Bi Morag asimamishe gari, nikashuka, nikanywa kwa kiganja, nikanawa uso, nikaswali rakaa mbili za shukrani juu ya jiwe. Upepo uliniinua kidogo wakati wa kusujudu, kama shibiri mbili hivi. Hodan atakuambia ni uongo. Alikuwa amegeuka upande mwingine.

Kuna kulungu huko wenye pembe kama matawi ya mgunga. Mmoja alisimama katikati ya barabara akatukodolea macho, Bi Morag anapiga honi, wapi. Nikateremsha kioo nikampigia ule mluzi wetu wa kuwaita ngamia majini. Akaja! Hatua tatu, wallahi, akanusa kioo, ndipo akaondoka kwa heshima.

Siku ya pili tukafika kwenye ngome ya zamani, ya mawe, imesimama ndani ya ziwa, na mlangoni amesimama mwanaume mzima amevaa kikoi. Si mchezo. Kikoi cha sufu kinachoishia magotini, baridi yote hiyo, na kwapani amebana mfuko wenye vijiti, anapuliza. Ile sauti ilinisimamisha nywele. Unakumbuka babu yetu, aliyepewa kiwanja Isiolo kwa kazi ya jeshi, alivyokuwa akisimulia kwamba vitani aliwaona wazungu wa kikoi wakipuliza tumbo la mbuzi? Na sisi tulivyomcheka mpaka akatufukuza kwa bakora? Nilisimama pale mlangoni nikamwomba babu msamaha kwa sauti. Yule mpulizaji alifikiri naimba, akaongeza.

Siku ya tatu ndiyo siku yenyewe.

Bi Morag alitupeleka kwenye bonde moja pana, kimya, halina nyumba. Akazima gari akasema, "Hapa ndipo kwetu." Nikatazama, sikuona kitu. Akanionyesha kwa kidole, ndipo nikaona mawe kwenye nyasi, mistari ya kuta, hapa mlango, pale jiko. Kijiji kizima. Akasema babu wa babu yake alizaliwa pale, na siku moja mwenye ardhi akawatoa watu wote, akachoma paa, ili aweke kondoo. Nilimwambia Hodan amwulize tena, labda Kiingereza changu cha kiwandani kimenidanganya. Akamwuliza.

"Ndivyo," Bi Morag akasema. "Kondoo walikuwa na faida kuliko sisi."

Dada, mimi nimeona watu wakipigana kwa ajili ya mifugo. Nimeona watu wakihamishwa, na sisi wenyewe tunajua kuombwa kipande cha utambulisho ili kuvuka daraja. Lakini kusema watu watoke kondoo wakae! Nilimpa yule mama mkono wangu, akaushika muda kidogo, halafu akasema chai inapoa.

Wao wakakaa kwenye ukuta kunywa chai. Mimi nikapanda kidogo kutazama bonde kutoka juu. Na huko, kwenye kishimo nyuma ya jiwe, nikamwona kondoo.

Sikiliza vizuri, kwa sababu kosa langu liko hapa. Kondoo wa milima hiyo ana kichwa cheusi, kama wetu kabisa wa malisho ya Gotu. Ukimwona kwa mbali unasema salaam aleikum, jirani. Na huyu alikuwa amelala chali, miguu minne juu, tumbo limefura kama ngoma, povu mdomoni, macho yamegeuka. Kunguru wawili wamekaa hatua tano wanamngoja macho. Kwetu, kondoo akilala hivyo, amekwisha. Na unajua desturi yetu. Ukimkuta mnyama wa mtu anakata roho porini na mwenyewe hayupo, hupiti. Ukipita akafa kibudu, nyama imeharibika, na dhambi ya hasara ya mwenzako iko shingoni mwako. Unamchinja, unaiweka ngozi mahali panapoonekana ili mwenyewe aone alama yake, unamtafuta umwambie. Vijana wetu wangapi wamesifiwa kwa hilo?

Nilipiga kelele pande nne, "Mwenye kondoo!" Upepo tu. Nikatafuta kibla kwa jua. Bismillahi Allahu Akbar. Mkono mmoja, safi, hata hakujua. Nikajiona nimemwokolea mtu mali yake katika nchi ya ugeni.

Halafu nikaona tumbo linacheza.

"Hodan!" nikaita. "Hodan, mbio!"

Alipanda ule mteremko kama swala. Akatazama kondoo, akatazama kisu. "Abti, mjomba wangu, umefanya nini?"

"Alikuwa anakufa. Ana mimba."

Hakubishana. Alipiga magoti kwenye matope, akaweka kiganja kwenye tumbo. "Fungua," akasema. "Hapa. Polepole. Usiingie ndani sana." Ananiamuru mimi! Na mimi nikatii kama kuruta. Nikafungua, akaingiza mikono mpaka kwenye viwiko, akatoa wa kwanza, akanitupia. Nikamfuta pua, nikamsugua na nyasi, akapiga chafya, akalia. Mzima. Akatoa wa pili. Huyo alikuwa wa kijivu, amelegea kama kitambaa kilichoroweshwa, hana pumzi, ulimi nje.

Dada, mimi nimezalisha mbuzi tangu sijavaa kikoi. Nikamtazama nikasema, "Huyo mwache, amekufa."

Hata hakuinua macho. Alimshika miguu ya nyuma akamning'iniza, maji yakatoka, akamlaza, akachukua bua la nyasi akamchokoza ndani ya pua, akamsugua kifua, akaweka mdomo wake juu ya ule mdomo na kupuliza, kidogo, kidogo, kama anayefufua kaa la moto lisizime. Anahesabu kwa Kisomali, chini chini. Mimi nikasema tena, "Hodan, mwanangu, basi." Akaendelea. Sijui ni muda gani. Mimi nilikuwa nimekwisha mzika yule mwanakondoo na kusahau. Ndipo akakohoa.

Hodan akavua koti lake, lile zuri la kahawia, akawafunga wote wawili ndani pamoja na damu yao.

Na wakati huo huo nikasikia Land Rover. Mwenye kondoo amefika. Mzee mmoja mfupi, mwekundu, na mbwa wawili, anaitwa Dugald. Nikasimama kumpa habari njema, nikiwa nimenyoosha mkono. Alipoona shingo ya kondoo wake na kisu, alipiga ukelele ambao ninyi huko labda mliusikia.

"Nani ameniulia kondoo?"

"Mimi," nikasema. "Alikuwa anakufa. Nimekusaidia."

"Anakufa? Alihitaji kugeuzwa! Kugeuzwa tu!" Akafanya kwa mikono miwili kama mtu anayegeuza chapati. "Unamshika, unamgeuza, anasimama, anakwenda zake!"

Wallahi sikujua. Kondoo wetu ana manyoya mafupi, akianguka anajiviringisha na kuinuka. Huyu wa huku amebeba sufu ya mwaka mzima, imelowa mvua, na mimba ya mapacha, akilala chali hawezi kuinuka mpaka mtu apite. Kila mtoto wa bonde lile anajua. Mimi peke yangu, fundi wa mifugo, nilikuwa nimesimama pale na kisu kinachodondoka.

Mzee akageukia Hodan. Nafikiri alimwona kijana, amevaa kama wao, anaongea kama wao. Akamwuliza, "Wewe unamjua mtu huyu?"

Dada, hapo ndipo nilipolikumbuka lile jiwe la kifuani. Nikajisemea, sasa. Hapa ndipo mtu anapovuka barabara. Ilikuwa rahisi sana kwake. Angesema ni abiria tu wa Bi Morag. Mimi mwenyewe, kwa aibu ile, ningemsamehe.

Hodan aliinuka, mikono myekundu mpaka kwenye viwiko, akaja akasimama karibu yangu mpaka bega lake likagusa langu. "Ni mjomba wangu," akasema. "Ndugu wa tumbo moja na mama yangu. Kwetu mtu akimwona mnyama wa mwenzake anakufa akampita, huyo ndiye mwenye makosa. Hakukuibia. Alikuita kwa sauti mara nne, mimi nilimsikia kutoka chini. Amekosea, na makosa yake ni yetu sisi wawili. Na hawa hapa ni wako." Akafungua koti.

Yule mzee akatazama. Wanakondoo wawili wenye vichwa vyeusi, wanatafuta chuchu kwenye kitambaa. Bi Morag naye alikuwa amefika juu anahema, akamwambia maneno marefu kwa lugha yao ya zamani ya milimani. Sikuelewa hata neno, lakini nilimsikia akitaja majina ya watu kama anayehesabu ukoo, na mzee akawa anapungua kidogo kidogo. Mwisho akasema, "Ingieni kwenye gari. Hao watakufa kwa baridi tukisimama hapa kuhutubiana."

Kwake kuna zizi la mawe lenye paa. Ndani kulikuwa na kondoo jike ambaye mtoto wake alizaliwa maiti asubuhi ile. Dugald akachukua yule maiti na kisu akaanza kumchuna, anachuna vibaya, anatoboa.

"Nipe," nikamwambia.

"Unajua nataka kufanya nini?"

"Unataka kumvalisha yatima ngozi ya marehemu, ili mama anuse harufu ya mtoto wake akubali kunyonyesha. Kwetu tunafanya hivyo kwa ngamia."

Alinitazama sana. Halafu akanipa. Nikamchuna mzima mzima kama soksi, nikakata matundu manne ya miguu, nikamvalisha yule mkubwa wetu. Yule kondoo jike akanusa mkia, akanusa tena, akatoa sauti ile laini ya tumboni unayoijua, akasimama anyonywe. Dugald akasema, "Mwafrika, ningekuwa na wewe mwezi mzima ningepumzika." Nikamwambia hata Sheffield wanasema hivyo hivyo.

Basi safari yetu ikaishia hapo kwa siku mbili, na sikulalamika. Ni majira yao ya kuzaa, kondoo mia tatu wanazaa kwa pamoja na mzee yuko peke yake na mbwa. Nimepanda ile milima na fimbo kama zamani Gotu, nikageuza kondoo wanane waliolala chali. Wanane, Shemeji! Sasa ni fundi wa kugeuza. Asubuhi ndege mmoja mwenye mdomo mrefu alikuwa akipanda juu na kuporomoka huku analia kama mtoto anayecheka, ukungu unafunguka chini, na ile mito inang'aa. Yule niliyemchinja tulimla, Dugald naye. Nilimpika mimi, Hodan akisimamia chumvi. Nadhani ndiyo nyama ya halali ya kwanza kuliwa katika bonde lile tangu dunia iumbwe, na mzee alilamba mifupa.

Siku ya kuondoka nilimkuta Hodan zizini, amekaa kwenye majani makavu, anamnyonyesha yule wa pili, yule wa kijivu, kwa chupa. Akasema bila kugeuka, "Abti, umekuja kunichukua. Si ndiyo?"

Nikaketi karibu naye kwenye majani.

"Mama yako ana wasiwasi," nikasema. "Kuna watu wa Wabera wamekuja na heshima zao."

"Kijana wao simkatai. Nilisoma naye. Ni mtu mzuri, anaogopa mbuzi lakini ni mzuri." Akacheka kidogo, halafu akaacha. "Mwaka mmoja na nusu, Abti. Nikirudi leo, narudi na nini? Nusu? Unajua mimi nilikuwa wapi siku mama alipomzaa Ismail? Nilikuwa nyuma ya lori la baba, barabara ya Meru, namshika mkono, na hakuna mtu pale aliyejua la kufanya isipokuwa kusema subira. Nilikuwa na miaka tisa. Nililiambia lori lile moyoni, nitajua."

Dada, hukuwahi kuniambia ilikuwa mbaya hivyo.

Nitakuambia kitu sasa, na sijisifu. Nilipopanda gari la moshi kutoka hapa, nilikuwa nimekwisha amua. Nilisema huyu arudi, mambo yaishe, umri unakwenda. Nilishamweka kwenye nafasi ya ndege ya Nairobi, jina lake limeandikwa, mwezi ujao, nikaificha ile karatasi ndani ya koti. Na huko milimani, siku moja hiyo hiyo, nilisema mara mbili kitu kimekufa, na mara zote mbili nikakosea. Mara ya pili yeye alikuwa kwenye magoti anahesabu pumzi, na mimi fundi nimesimama pembeni namwambia basi.

Jibu langu ni abaki. Amalize.

Najua maana yake. Watu wa Wabera wamekuja kwa heshima na wanangoja neno, na neno la kusema "ngojeni mwaka na nusu" haliandikwi kwenye barua wala halisemwi na mwanamke kwenye ua. Linasemwa na mjomba, amekaa, amevua viatu, anatazamwa usoni. Wakikasirika, wanikasirikie mimi. Shemeji naye, kama yuko na hasira, aiweke, anisubiri.

Kwa hivyo nimekwenda kwa yule wakala wa tikiti nikamwambia afute jina la Hodan kwenye ile nafasi. Ameandika langu.

Usilie, bado Shemeji anasoma.

Nisalimie Mama Mkubwa, mwambie ule uji wa wazungu wa milimani ni wa chumvi kama wake, kumbe alikuwa na haki miaka yote. Msalimie mzee wa msikiti aliyenifundisha alifu, na jirani yako muuza maziwa, na ndugu yetu mdogo kule Gotu. Mwambie asiuze kondoo wowote mpaka nifike nimfundishe kugeuza. Ismail mwambie dada yake anamsalimu na ana koti lililoharibika la kumwonyesha siku moja.

Na waambie watu wa Wabera, kwa adabu, wasiagize mtu wala wasiandike. Watengeneze chai tu. Mjomba wa msichana anakuja.

Ndugu yako wa tumbo moja,
Jama